Kengele ya shingoni: mama akibonyeza usiku, nani atafungua mlango?

"Mama yetu ana miaka 76. Anakaa peke yake Kadutu, hapa Bukavu, katika nyumba ya nyuma ya parseli. Mpangaji wetu na familia yake wako nyumba ya mbele. Ana presha na anameza dawa asubuhi na jioni. Mwaka huu ameanguka mara mbili. Mara ya pili ilikuwa usiku akienda choo cha nje, akabaki chini mpaka alfajiri, mpangaji ndiye aliyemkuta. Simu yake ilikuwa kitandani. Mimi nakaa Ibanda. Kaka yetu mkubwa yuko Ubelgiji, anataka kututumia ile kengele ya kuvaa shingoni; anasema mtu akianguka inaita ambulansi yenyewe. Je, itafanya kazi hapa kwetu? Tuchukue ya namna gani? Mama mwenyewe anasema hataki kuvishwa kengele kama mbuzi."

Ndugu yangu, pole kwa usiku ule, na mpe mama pole. Nikisoma barua yako naona umeuliza habari ya kifaa, lakini kinachokukosesha usingizi ni zile saa alizolala chini bila mtu kujua. Hapo una haki. Mzee anaweza kuanguka asivunjike mfupa hata mmoja, kisha akaugua kwa sababu ya kulala sakafuni. Misuli iliyobanwa na saruji kwa saa nyingi huanza kuharibika, takataka zake zinaingia kwenye damu na kuzielemea figo. Ngozi ya nyonga na ya kisigino huanza kufa. Mwili unakauka maji. Na Bukavu, kwenye mita kama 1,500 juu ya bahari, usiku ni wa baridi. Mtu wa miaka 76 mwenye nguo ya kulala tu anapoteza joto haraka. Wazee wengi wanaoanguka bila kuumia hawawezi kuinuka wenyewe. Kwa hiyo kazi yenu ni kufupisha muda kati ya kuanguka na mkono wa kumshika, na ikiwezekana usizidi nusu saa.

Sasa hiyo ambulansi. Kengele ya Ulaya haiiti ambulansi. Kile kidude cha shingoni ni redio ndogo tu, inayorusha ishara, mara nyingi kwenye megahezi 869, kwenda kwenye kisanduku kilichowekwa ndani ya nyumba. Kisanduku ndicho kinachopiga simu, na kinampigia mtu aliyekaa kituoni usiku na mchana, analipwa kwa kazi hiyo. Mtu huyo ana faili la mama: jina, anwani, magonjwa, jirani mwenye ufunguo. Anazungumza naye kwa kipaza sauti cha kisanduku, kisha anaamua kama amtume jirani au aite gari la wagonjwa. Abonema ya kila mwezi inalipia watu hao. Kaka akikinunua na kukituma Kadutu, kisanduku kitapiga Ubelgiji, na yule wa kituoni hana wa kumtuma. Tena vingi vimefungwa kwa laini ya kampuni iliyoviuza, na vya zamani vinataka simu ya waya ukutani. Kama hajasaini, mwambie asubiri.

Kama kuna ndugu wa Marekani anayetaka kusaidia, tahadhari ni hiyo hiyo na nyingine juu yake: vifaa vingi vya kule vimetengenezwa kwa masafa ya mitandao ya kule. Huku kwetu simu za kawaida zinatumia megahezi 900 na 1800. Kifaa kisichokuwa na masafa hayo kitawaka taa zote na hakitaona mtandao.

Kitakachofanya kazi hapa ni kifaa kisichofungwa kwa kampuni, kinachopokea laini ya kawaida, na kinachopiga namba mtakazoziandika nyinyi wenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka mtu apokee. Viko vya aina tatu. Cha kwanza ni kidani chenye laini ndani yake: kinafanya kazi popote penye mtandao, mama anaweza kwenda nacho sokoni na kanisani, na anaongea humo humo. Ubaya wake ni batri, kwa kawaida siku 2 hadi 5, na kila kinapochajiwa hakiko shingoni. Watu wengi huchaji usiku, na mama yako ameanguka usiku. Cha pili ni kisanduku chenye laini pamoja na kitufe chepesi cha redio, mfano wa ule wa Ulaya lakini bila kituo. Kitufe kina batri ndogo ya duara inayokaa mwaka au zaidi bila kuchajiwa, kisanduku kinabaki kwenye umeme na kina batri yake ya akiba. Cha tatu ni simu ya vitufe ya wazee yenye kitufe cha SOS mgongoni. Hii ni rahisi kupata, lakini ni simu, na simu ya mama ilikuwa kitandani.

Kwa nyumba ulivyoieleza, ningechukua kisanduku na kitufe, maana hatari yake iko kati ya kitanda na choo. Ila jueni kasoro moja: kipaza sauti kiko chumbani. Mama akibonyeza kutoka chooni, atakayepokea atasikia kimya. Kimya hicho kisimfanye mtu akate simu akidhani ni kosa. Kubalianeni mapema kwamba kisanduku kikipiga na hakuna anayeongea, mtu anaondoka kwenda kuangalia.

Kaka atakwambia pia kuna vinavyojitambua vyenyewe mtu akianguka. Vipo, na si uongo, lakini elewa vinavyofikiri. Ndani kuna kihisi kinachopima mabadiliko ya mwendo. Mtu anapoanguka, kwa sehemu ya sekunde kihisi kinakuwa kama hakina uzito, halafu kinapata kishindo, halafu utulivu na mwili uliolala. Vitu hivyo vikifuatana, kengele inalia. Sasa mfikirie mzee anayeshika fremu ya mlango, magoti yanalegea, anateleza polepole ukutani hadi anakaa chini. Hakuna kishindo. Kifaa hakijui kitu. Na upande wa pili, mama akiketi kwa nguvu kitandani au akikitupa kidani mezani, kinaweza kupiga bure. Saa za mkononi kama Apple Watch ziko hivyo hivyo, tena zimepangwa zipige kwanza namba ya dharura ya serikali, na zinataka kuchajiwa karibu kila siku. Kujitambua kuwe nyongeza tu. Kitufe ndicho tegemeo.

Na kitufe nacho kina udhaifu wake, ambao hauko kwenye waya. Utafiti uliofanyika Cambridge, Uingereza, ukachapishwa mwaka 2008, uliwafuata watu wenye zaidi ya miaka 90. Wengi walikuwa na kengele, na bado sehemu kubwa ya waliolala chini kwa muda mrefu hawakuitumia. Wengine hawakuivaa, wengine waliivaa na hawakutaka kumsumbua mtu. Kwa hiyo lile neno la mbuzi usilicheke. Mama akikataa moyoni, kitabaki kwenye msumari. Mwonyesheni kitufe kabla ya kununua, aseme mwenyewe kama anakitaka shingoni au mkononi kama bangili. Cha mkononi hakining'inii anapoinama kufua. Cha shingoni kinaweza kukaa chini ya blauzi asionekane nacho. Kamba yake lazima iwe ile yenye kifungo kinachoachia ikivutwa kwa nguvu, isije ikamnyonga ikinasa kwenye kitasa. Ikikatika, msiifunge kwa utepe wa kitenge. Fundo zuri la kitenge haliachii. Na akivae bafuni. Kama maandishi yake yanasema IPX7 au IP67, kinavumilia maji safi ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, basi maji ya kuoga hayatakiua, ila kioshwe povu la sabuni baadaye.

Kabla ya kutuma senti kwa kisanduku chochote, pimeni mtandao pale pale. Kadutu ni mteremko. Nyumba moja ina mtandao mzuri na ya chini yake, iliyojificha nyuma ya ukuta wa udongo, haina. Chukua simu ya bei ndogo, si ile yako kubwa, maana kifaa hakitakuwa na antena bora kuliko hiyo. Weka laini ya kampuni moja, simama kando ya kitanda, mlango umefungwa, piga mara 5. Nenda mahali kisanduku kitakapokaa, piga mara 5. Rudia usiku, na rudia siku umeme umekatika, kwa sababu mnara nao una jenereta na batri zake. Fanya hivyo kwa kila kampuni unayoweza kupata laini yake. Ile iliyofaulu zote ndiyo yenu, hata kama familia nzima imezoea nyingine.

Bukavu ina jambo lake jingine: ng'ambo ya mto Ruzizi ni Rwanda, na kwenye miteremko inayoelekea huko simu hudaka mnara wa ng'ambo bila kukuuliza. Kifaa kikihamia huko, ama kitakula mayunite kwa bei ya nje, ama kitashindwa kupiga kabisa. Kwenye mpangilio wa kifaa chagua mtandao kwa mkono badala ya kujichagulia chenyewe, kama kinaruhusu. Kama hakiruhusu, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuchagua kampuni yenye nguvu zaidi hapo nyumbani.

Laini yenyewe inaandaliwa ndani ya simu ya kawaida kwanza. Ondoeni namba ya siri ya PIN, la sivyo kifaa kitasubiri namba ambayo hakuna wa kuibonyeza. Futeni meseji zote zilizojaa. Wekeni mayunite yasiyoisha muda kwa siku moja. Vifurushi vya siku ni mtego, kwani mtu ananunua Jumatatu na mama anaanguka Jumatano. Mmoja wenu awe na kazi ya kuangalia salio kila Jumapili. Laini ikae ikitumika pia, maana ikikaa miezi bila kupiga hata mara moja kampuni inaweza kuifunga. Namba za kupigiwa ziandikwe na +243 mbele.

Halafu mashine ya kupokea ujumbe wa sauti. Hii imeharibu mipango mingi mizuri. Namba ya kwanza ikiwa imezimwa, mashine ya kampuni inapokea. Kifaa kinasikia "alo", kinadhani mtu amepatikana, kinaacha kupiga namba ya pili. Zimeni huduma hiyo kwenye simu zote zilizo kwenye orodha. Vifaa vizuri zaidi vinamtaka aliyepokea abonyeze tarakimu fulani kuthibitisha. Asipobonyeza, kinaendelea na namba inayofuata. Ukiweza kuchagua, chagua hicho, na waliomo kwenye orodha wote wafundishwe tarakimu hiyo.

GPS, ile inayoonyesha mahali kifaa kilipo, msiilipie. Chini ya bati inapata shida, na hata ikifaulu itakuletea alama kwenye mteremko wenye nyumba ishirini. Mnajua mama anakaa wapi.

Sasa nije kwenye lililo kubwa kuliko vifaa vyote hivi. Hapa kwetu kituo ni nyinyi. Namba ya kwanza iwe ya mtu anayeweza kufika kwa miguu chini ya dakika 5, naye ni mpangaji wenu, si wewe wa Ibanda. Ya pili iwe jirani mwingine wa avenyu hiyo hiyo, ambaye halali na simu imezimwa. Wewe uwe wa tatu. Kaka wa Ubelgiji awe wa mwisho, au asiwemo. Akipokea yeye wa kwanza, mlolongo unaishia Ulaya na kitu pekee atakachoweza ni kuanza kuwapigia nyinyi. Ongeeni na mpangaji uso kwa uso, si kwa meseji. Si haki kumpa mtu kazi ya usiku bila kumwomba, na pengine punguzo dogo la kodi ni bei ya haki.

Kisha mlango. Mama akilala anasukuma komeo kwa ndani, sivyo? Basi kengele italia, mpangaji atatoka, na atasimama nje akisikia mama anaugua. Ondoeni komeo la ndani, wekeni kufuli ya kitasa inayofunguka kwa ufunguo pande zote mbili, na mama asiuache ufunguo ukining'inia ndani ya tundu, kwani kwenye kufuli nyingi ufunguo wa nje hautaingia. Ufunguo wa pili uwe kwa mpangaji. Usiku watu wanaogopa kufungua na kutoka, na wana sababu. Kwa hiyo kubalianeni pia namna ya kubisha na neno la kusema, ili mama ajue ni nani na jirani asidhaniwe mwizi.

Ukiniuliza mnunue nini kesho asubuhi kabla ya yote haya, nitakujibu kitu ambacho kaka hatakipenda: sonete isiyo na waya, ile kengele ya mlango ya kawaida. Kitufe chake mama anavaa shingoni au kinashonwa kwenye mfuko wa nguo ya kulala, na mlio unawekwa chumbani kwa mpangaji. Haina laini, haina mayunite, haijui Rwanda. Boksi litaandika mita 100 au 150, lakini hizo ni za uwanja wazi. Kuta za matofali na bati hupunguza sana, ila kwa umbali wa nyumba ya mbele na ya nyuma mara nyingi inatosha. Jaribuni kutoka chooni, mlango umefungwa. Tafuteni ambayo mlio wake unatumia batri za kawaida, si ya kuchomeka ukutani tu, kwa ajili ya usiku wa giza. Kasoro yake: mpangaji akisafiri, hakuna kitu. Hapo ndipo kisanduku chenye laini kinaposhika zamu. Na firimbi ya plastiki kwenye kamba hiyo hiyo haidhuru, ingawa mtu aliyepata kiharusi au mwenye pumzi fupi hataweza kuipuliza.

Chochote mtakachochagua, mama mwenyewe akibonyeze kila Jumamosi kwa saa iliyopangwa, akiwa ameketi chini chooni au bafuni, si akiwa amesimama sebuleni. Kidole kinajifunza, na mama anaona kwamba kubonyeza si kumsumbua mtu. Vingi vinataka kushikiliwa sekunde 3. Mzee aliyezoea kugusa tu ataamini ameita kumbe hajaita.

Bado hatujauliza kwa nini anaanguka, na kengele haizuii kuanguka. Usiku, choo cha nje, dawa za presha: hapo nina shaka juu ya presha inayoshuka anaposimama. Damu inashukia miguuni, mishipa ya mzee haikazi haraka kama zamani, ubongo unakosa damu kidogo, kizunguzungu kinakuja hatua ya tatu au ya nne. Mpimeni hivi: alale dakika 5, mpime presha, asimame, mtu amshike karibu, mpime baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, andikeni na mpelekeni kwa daktari pamoja na dawa zote mezani, hata zile za usingizi na za maumivu alizonunua mwenyewe. Msimpunguzie dawa nyinyi. Kuacha dawa ya presha ghafla kunaweza kuleta kiharusi. Daktari anaweza kubadili kipimo au saa. Dawa ya kukojoza iliyomezwa jioni, kwa mfano, ndiyo inayomwamsha saa nane usiku kwenda nje.

Wakati mnasubiri, ndoo yenye kifuniko chumbani usiku. Najua mama wa heshima hapendi, lakini inaondoa ile safari yote. Taa ndogo ya sola inayowaka yenyewe mtu akipita. Aketi ukingoni mwa kitanda dakika nzima, akichezesha vifundo vya miguu, ndipo asimame. Chooni, bomba la chuma lililofungwa ukutani la kushika. Viatu vilivyofunika kisigino badala ya kandambili.

Mtu aliyeanguka mara mbili ndani ya mwaka anastahili kupimwa na daktari na mtaalamu wa kine (tiba ya mazoezi ya viungo) hospitalini, hata kama hana jeraha. Jaribio dogo la nyumbani litakupa picha: kiti bila mikono ya kushikia, mikono imekunjwa kifuani, asimame na kuketi kwa sekunde 30, wewe ukisimama kando. Mwanamke wa umri wake akishindwa kufikisha mara 10, miguu ni dhaifu kuliko inavyotakiwa, na mazoezi ya kine yatasaidia.

Kuna mambo yasiyosubiri miadi. Alizimia kabla ya kuanguka, au moyo ulikuwa unadunda ovyo. Uso umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki. Amegonga kichwa na sasa anatapika, anasinzia kuliko kawaida, au anatumia dawa ya kulainisha damu. Amelala chini zaidi ya saa moja na mkojo wake ni mweusi kama chai ya rangi. Hayo ni ya hospitali saa hiyo hiyo.

Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, na hawezi kuukanyagia, chukulieni nyonga imevunjika. Msimvute mikono kumsimamisha, msimpandishe pikipiki hata kama ndiyo pekee inayofika. Mfunikeni, fungeni miguu yote miwili pamoja na mto katikati, mbebeni juu ya mlango uliong'olewa au ubao mpana mpaka barabara ya gari, watu wanne. Mwenye gari huyo mtafuteni sasa, na namba yake ibandikwe ukutani kando ya kisanduku.

Na kaka, kwa kuwa moyo wake ni wa kutoa: mwombeni atume mashine ya kupima presha ya mkono wa juu, taa mbili za sola, na kisanduku ambacho muuzaji amemhakikishia kwa maandishi kwamba kinapokea laini yoyote na kina masafa ya 900 na 1800. Abonema aiache huko huko.